“Ilichezewa mechi”: Neno linalopandisha bei ya jezi, na namna ya kulipima

Jezi ya mpira ni vazi la kila siku Cimpunda. Katika mtaa huu wa komini ya Kadutu, mjini Bukavu, ambako nyumba zimebanana mlimani, si ajabu kumwona kijana amevaa rangi za Barcelona akibeba kidumu cha maji, na mwenzake amevaa ya Leopards akielekea Uwanja wa Concorde kuwatazama OC Muungano au Bukavu Dawa. Nyingi ya jezi hizo hununuliwa sokoni Kadutu. Muuzaji huinyoosha nguo mbele ya mteja na kusema maneno ambayo kila mtu ameyazoea: “Hii ni orijino, papa, si kopi.”

Kwa nguo ya kuvaa tu, neno hilo halina madhara makubwa. Mteja hukagua mshono, huvuta kitambaa, huomba apunguziwe, kisha wanakubaliana. Mambo hubadilika pale muuzaji anapoongeza kwamba jezi hiyo ilivaliwa na mchezaji fulani, katika mechi fulani. Hapo hauzi nguo tena. Anauza habari, na habari haina mshono wa kuvuta.

Biashara ya vitu vilivyotumika michezoni, yaani mipira, jezi, viatu na glavu za makipa, leo ni ya mamilioni ya dola. Jezi na picha za timu ya Zaire ya mwaka 1974 nazo zimo katika biashara hiyo, zikiuzwa na kuuzwa tena mtandaoni. Kwa Mkongomani anayependa soka, swali si la kitajiri kama linavyoonekana. Ni swali la nani anaisimulia historia ya mpira wa nchi yake, na kwa ushahidi gani.

Mpira mmoja, mwamuzi mmoja

Mfano unaoeleweka kwa urahisi zaidi unatoka Tunisia. Tarehe 22 Juni 1986, mwamuzi Ali Bin Nasser alichezesha robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Argentina na Uingereza mjini Mexico City. Diego Maradona alifunga mawili: la kwanza kwa mkono, ambalo Bin Nasser alilikubali, na la pili baada ya kuwapita Waingereza kutoka nusu ya uwanja wake. Argentina ilishinda 2-1. Filimbi ya mwisho ilipolia, mwamuzi huyo aliondoka na mpira.

Aliuhifadhi kwa miaka 36. Novemba 2022 aliupeleka mnadani London, ukauzwa kwa pauni milioni 2. Kwa nini watu waliamini? Kwanza, aliyekuwa nao ndiye aliyekuwa na mamlaka juu yake uwanjani. Pili, mechi ile ilichezwa kwa mpira mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza ni mpira upi ulioguswa na mkono wa Maradona.

Hali hiyo si ya kawaida tena. Katika mechi za siku hizi, watoto waliosimama pembeni hushika mipira kadhaa ili mchezo usisimame. Mtu akisema anauza “mpira wa mechi ya fainali”, huenda hasemi uongo, na bado mpira wake ukawa ulikaa mikononi mwa mtoto nyuma ya goli dakika zote 90. Swali la kuuliza ni jepesi: uliingia uwanjani dakika ipi, na nani aliona?

Miezi michache kabla ya mpira ule kuuzwa, Mei 2022, jezi ambayo Maradona alivaa siku hiyo hiyo iliuzwa na nyumba ya mnada ya Sotheby’s kwa zaidi ya pauni milioni 7.1. Muuzaji alikuwa Steve Hodge, kiungo wa Uingereza aliyebadilishana jezi na Maradona baada ya mechi. Kabla ya mnada, binti wa Maradona, Dalma, alijitokeza akasema hiyo ni jezi ya kipindi cha kwanza, wala siyo iliyovaliwa wakati mabao yanafungwa katika kipindi cha pili.

Hakuna aliyebisha kwamba jezi ni ya Maradona, wala kwamba ni ya siku ile. Ubishi ulikuwa wa dakika 45, na dakika hizo ndizo zilizobeba bei. Sotheby’s ilijibu kwa kulinganisha jezi na picha za kipindi cha pili: mkao wa nembo, mistari na namba. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu jezi zile zilitengenezwa kwa haraka. Argentina ilikuwa imezinunua mjini Mexico City siku chache kabla ya mechi, ikashona nembo kwa mkono na kubandika namba za rangi ya fedha. Kilichoshonwa kwa haraka hakifanani na kingine. Kasoro ikawa ushahidi.

Wamarekani na mipira yao ya besiboli

Nchi iliyoumizwa mapema na maneno ya wauzaji ni Marekani, kupitia besiboli. Huko shabiki akiudaka mpira uliopigwa hadi jukwaani, ni wake. Mwaka 1998, Mark McGwire alipokuwa akikimbiza rekodi ya kupiga mipira nje ya uzio, waandaaji walitia alama za siri kwenye mipira aliyorushiwa, ili mtu asije kesho na mpira wa dukani akidai ndio ule. Mpira wake wa 70 uliuzwa Januari 1999 kwa takriban dola milioni 3. Oktoba 2024, mpira ambao Shohei Ohtani aliupiga ukavuka uzio kwa mara ya 50 msimu ule ulinunuliwa kwa karibu dola milioni 4.4. Kabla ya hapo, Agosti 2024, jezi ya Babe Ruth ya mwaka 1932 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 24, baada ya wataalamu kuilinganisha na picha za fainali za mwaka huo.

Pesa nyingi huwavuta wajanja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, waliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya waliokuwa wakighushi saini za wanamichezo na kuziuza nchi nzima. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa kulikuwa na mipira ya besiboli yenye “saini” ya Mama Teresa wa Calcutta. Zaidi ya saini, kundi hilo lilitoa pia vyeti vya kuthibitisha kwamba saini ni za kweli. Aliyenunua kwa kuona cheti alikuwa amenunua uongo wa pili juu ya uongo wa kwanza.

Mwaka 2001 ligi kuu ya besiboli ilianzisha utaratibu wake. Mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, mara nyingi polisi au askari mstaafu, hukaa karibu na uwanja na kufuatilia kitu kwa macho tangu kinapotoka mchezoni. Kikimfikia, hukibandika stika maalumu ya hologramu yenye namba, na namba hiyo huingizwa kwenye orodha ambayo yeyote anaweza kuitazama mtandaoni. Mechi moja ya besiboli hula mipira mingi sana, hivyo kusema “ulitumika” peke yake hakutoshi. Orodha hueleza nani alirusha na nani alipiga. Asichokiona shahidi kikitoka mchezoni hakipewi stika, hata kama mwenye nacho anaapa.

Besiboli si mchezo wa Bukavu, ingawa hauko mbali. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Marekani, na waliifunga timu ya jimbo la Oregon 3-2. Funzo la mchezo huo linahusu jezi ya soka vilevile: ushahidi mzuri huandikwa siku ile ile.

Maneno ya wauzaji na maana zake

Wauzaji wengi hawasemi uongo wa wazi. Huchagua neno linaloacha mlango wazi, mnunuzi akaingia mwenyewe. Kwa hiyo tangazo lafaa kusomwa neno kwa neno.

“Ilivaliwa mechini” ni dai zito kuliko yote. Muuzaji anayelitumia anapaswa kutaja mechi, tarehe, mchezaji na jinsi alivyoipata. Asipotaja mechi, dai limepungua nusu.

“Iliandaliwa kwa mechi” maana yake ni kwamba klabu ilimtayarishia mchezaji jezi hiyo. Timu kubwa huweka zaidi ya moja kwa kila mchezaji, moja ya kipindi cha kwanza na nyingine ya pili. Mchezaji wa akiba ambaye hakuinuka kwenye benchi naye huwa ana jezi yenye jina lake. Iliandaliwa, lakini haikucheza.

“Ya kiwango cha mchezaji” humaanisha kitambaa na mkato ni sawa na wa uwanjani. Jezi za namna hiyo huuzwa dukani kwa yeyote mwenye pesa.

“Imesainiwa” huzungumzia wino tu. Mchezaji anaweza kusaini jezi mpya aliyoletewa na shabiki nje ya hoteli. Saini ikawa ya kweli, na jezi isiwahi kuona nyasi.

“Ya enzi hizo” au “ya mtindo wa 1974” ndiyo maneno yanayowapoteza Wakongomani wengi. Kampuni kadhaa hushona leo nakala za jezi ya Zaire yenye kichwa kikubwa cha chui kifuani, na huziuza kwa haki kama nakala. Tatizo huanza kwa mnunuzi wa tatu au wa nne, neno “nakala” linapodondoka njiani.

Madoa nayo hayatoshi. Chai huchafua kitambaa kikaonekana cha zamani, jua hupausha rangi, na kisu huchana mshono. Jezi iliyochezewa kweli inaweza kuwa safi kabisa, kwa kuwa ilifuliwa usiku ule ule.

Mtihani wa 1974

Hapa ndipo Mkongomani anapoweza kuwa mwerevu kuliko muuzaji wa Ulaya, kwa sababu kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Kinahitaji kuijua historia.

Chukua jina la nchi. Congo iliitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Taifa lilipotwaa Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, Januari 1968 mjini Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1-0, jina hilo lilikuwa halijatangazwa. Jezi iliyoandikwa “Zaire” inayouzwa kama ya ushindi wa 1968 imejihukumu yenyewe.

Chukua fainali ya 1974. Muuzaji akisema ana jezi ya fainali ya Kombe la Afrika ya mwaka huo, muulize: fainali ipi? Zilikuwa mbili. Tarehe 12 Machi mjini Cairo, Zaire na Zambia zilitoka sare 2-2. Zikarudiana tarehe 14, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano akiwa na mabao 9. Rekodi hiyo ya mashindano mamoja haijavunjwa hadi leo. Asiyejua kwamba fainali ilirudiwa hajui anachouza.

Kisha chukua Kombe la Dunia la mwaka huo huo, ambako Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kushiriki. Ilicheza mara tatu huko Ujerumani Magharibi: 14 Juni dhidi ya Scotland, ikafungwa 2-0, 18 Juni dhidi ya Yugoslavia, 9-0, na 22 Juni dhidi ya Brazil, 3-0. Katika mechi ya Yugoslavia mwamuzi Omar Delgado wa Colombia alimtoa Mulamba kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Alikosea mtu. Aliyempiga teke mwamuzi alikuwa beki Mwepu Ilunga, lakini Mulamba, aliyevaa namba 13, ndiye aliyetoka uwanjani, na hakucheza dhidi ya Brazil.

Mtu akileta jezi namba 13 na kusema Mulamba aliivaa dhidi ya Brazil, mazungumzo yameisha. Hakuna haja ya kukagua uzi wala nembo. Mechi ile ile ya Yugoslavia ina mtego mwingine: kipa Kazadi alitolewa mabao yakiwa matatu, akaingia Tubilandu. Glavu au jezi ya “kipa wa Zaire aliyefungwa tisa” ni za nani kati ya wawili hao?

Dai likipita hapo, ndipo maswali mengine hufuata. Nani aliipokea kutoka kwa mchezaji? Ilipitia mikono mingapi? Kuna picha ya siku ile inayoonyesha mkunjo, kiraka au namba iliyopinda mahali pale pale? Muuzaji mwaminifu hakasirishwi na maswali hayo. Anayejibu “niamini tu” ameshajibu.

Mtu aliyebaki nyuma ya jezi

Kuna jambo ambalo bei za mnada hazilionyeshi. Mwaka 1994 Mulamba alialikwa Tunisia na Shirikisho la Soka Afrika, akatunukiwa wakati wa Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani mtu aliyeheshimiwa hivyo lazima amerudi na mali. Walimpiga risasi mguuni. Mwanawe aliuawa. Alikimbilia Afrika Kusini na kuishi huko kwa shida, hata mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea ilhali yu hai. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

Habari hiyo inauweka mnada mahali pake. Wavamizi wale walifanya kosa ambalo mnunuzi asiye makini hulifanya pia: waliamini kwamba heshima na pesa hukaa pamoja. Jina la Mulamba linaweza kupandisha bei ya kitambaa mikononi mwa mtu asiyemjua, huku yeye mwenyewe akiwa hakupata chochote. Ndiyo maana swali la “nani aliipokea kutoka kwa mchezaji” ni swali la haki pia. Jezi nyingine zilitolewa kama zawadi, nyingine zilibadilishwa, nyingine ziliibwa. Tangazo lisilosema jinsi kitu kilivyomtoka mwenyewe linaficha jambo ambalo mnunuzi ana haki ya kulijua.

Kutoka Abidjan hadi Kadutu

Historia mpya inaandikwa, na watu wa Kivu wanahusika nayo moja kwa moja. Tarehe 7 Februari 2024 mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Ivory Coast, wachezaji wa Leopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kichwani, kama bastola. Walikuwa wakisema kwamba mauaji ya mashariki mwa Congo yanatazamwa kimya na dunia. Mikononi walivaa vitambaa vyeusi. Walifungwa 1-0, lakini picha ile ilizunguka dunia nzima.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 2025, Bukavu yenyewe iliangukia mikononi mwa M23.

Jezi za usiku ule wa Abidjan ni hati kuhusu watu wa Cimpunda kama zilivyo hati kuhusu soka. Kwa bahati, zilipigwa picha nyingi kutoka kila upande, na kuzilinganisha siku moja kutawezekana. Haitakuwa hivyo kwa jezi ambazo hakuna kamera kubwa iliyozielekea: za Muungano, za Dawa, za timu za mitaa zilizochezewa Concorde. Kadutu inajulikana kwa mioto inayoteketeza nyumba za mbao zilizoshikana, na anayekimbia vita hubeba watoto na vitambulisho kwanza. Picha ya timu ukutani hubaki.

Kuhifadhi ushahidi hakuhitaji hologramu. Klabu inayompa mchezaji jezi inaweza kuandika kwenye daftari namba, mechi, tarehe na matokeo, na watu wawili wakatia saini. Mwenye simu anaweza kumpiga picha mchezaji akiwa ameivaa uwanjani, karibu kiasi cha kuonyesha mshono na namba, kisha kuipiga tena nguo hiyo ikiwa imelazwa mezani. Familia yenye jezi ya mzee aliyewahi kucheza inaweza kumuuliza leo, angali hai: ulivaa dhidi ya nani, mwaka gani, nani alikuwa nahodha? Majibu yaandikwe kwa maneno yake, pamoja na yale asiyoyakumbuka, na nakala ikae kwa ndugu wa mji mwingine.

Muuzaji wa Kadutu ataendelea kusema “orijino”, na mteja ataendelea kuvuta kitambaa na kuomba apunguziwe. Lakini siku kijana wa Cimpunda atakapoletewa jezi inayodaiwa kuwa ilifunga bao mwaka fulani, aulize swali moja kabla ya kuuliza bei: mwenye jezi hii alikuwa uwanjani siku hiyo?